Fundi Anayeomba Waya Wake Ukatwe

Ni Jumatano, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Anga ni jeupe, upepo ni mdogo, na mabati ya soko kuu yameanza kutatarika kwa joto.

Katika chumba cha uangalizi, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja amesimama mbele ya meza ya mbao. Amevaa buti zenye vumbi, suruali ya kazi na kilemba cha kijani. Mezani ameweka mchoro mkubwa uliokunjwa mara nne, kalamu mbili na mkasi wa kukatia nyaya.

Mkasi huo ni mpya. Ameununua jana kwa kazi moja tu: kukata waya ambao yeye mwenyewe ameutandaza.

"Leo ni siku ya mkasi," anasema, akijaribu makali yake kwa kipande cha karatasi. "Mimi sikati. Anakata yule asiyeniamini. Mtu anayekuamini atakata pale ulipomwonyesha. Asiyekuamini atatafuta mahali penye uchungu."

Kazi yake ni kubuni mitandao ya kamera za usalama. Soko hili lina mabanda manane na kamera 486. Picha za kamera zote hizo zinapita katika mtandao aliouchora kwa mkono wake, na mtandao huo una sharti moja: kitu kimoja kikiharibika, chochote kile, picha isipotee.

Wenzake humwita Bi Mbilimbili, kwa sababu hakuna kitu anachokiamini kikiwa kimoja. Kila kabati la mitambo lina njia mbili za umeme. Vyumba vya kurekodi ni viwili, kila kimoja ncha yake ya soko. Nyaya ni mbili. Hata nyumbani ana funguo mbili za mlango, moja mkobani, nyingine kwa jirani. Mumewe, mwalimu wa hesabu, hupenda kutania mbele ya wageni: "Namshukuru Mungu kwamba kwenye waume aliridhika na mmoja."

Yeye hucheka kila mara, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuusikia utani huo.

Hakuanza na vyumba vyenye viyoyozi. Chuoni, darasa lao lilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja, na msichana alikuwa yeye peke yake. Alipohitimu alikaa miaka mitatu akivuta nyaya kwenye dari za watu. Ujira wa mwezi ulilipa kodi ya chumba na sabuni, basi. Chakula alikula kwa mama yake, mshona nguo, ambaye hakuwahi kumwuliza atapata lini kazi ya maana.

"Mama alikuwa anashona sare za shule," anakumbuka. "Kwenye makwapa anapitisha mshono mara mbili. Nikamwuliza, mama, mbona unajichosha? Akasema, mwanangu, mtoto hachani nguo pale unapotaka wewe."

Somo hilo hakulielewa mpaka lilipomgharimu. Miaka sita iliyopita alipewa kazi yake kubwa ya kwanza, kamera za ghala la mizigo. Akabuni mtandao kama mti. Shina lilikuwa waya mmoja mnene na matawi yalienda kila upande. Ulipendeza kwenye karatasi. Mwezi wa nne, trekta la kuchimba mtaro likalikata shina. Kamera tisini zikawa vipofu kwa siku mbili, na yeye akafukuzwa kazi siku ya tatu.

"Sikulia kwa sababu ya kufukuzwa," anasema. "Nililia kwa sababu yule dereva wa trekta alikuja kuniomba radhi. Kosa halikuwa lake. Trekta kazi yake kuchimba. Kosa ni langu mimi niliyechora mti. Tangu siku ile sichori mti. Nachora duara."

Duara analieleza kwa kidole juu ya mchoro. Kila banda lina kabati moja linalokusanya picha za kamera za hapo. Makabati yote yameunganishwa kwa faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo unaopitisha mwanga, na yameshikana mikono kama watoto wanaocheza mchezo wa mduara. Wawili wakiachiana mikono, bado kila mmoja ameshikwa na mwenzake upande wa pili. Picha iliyokuwa ikipita kulia inageuka na kupita kushoto.

"Ni kama wewe hapa sokoni," anaeleza. "Ukikuta njia ya kwenye viatu imezibwa na mkokoteni, hurudi nyumbani. Unazunguka kwenye nguo. Tofauti ni kwamba wewe unazunguka huku unalalamika. Picha inazunguka kabla hujapepesa jicho."

Mkataba wa soko una kifungu kimoja kinachomkosesha usingizi. Kabla ya kazi kupokelewa kutakuwa na siku moja ya majaribio ya wazi mbele ya wafanyabiashara. Picha za banda lolote zikipotea kwa zaidi ya sekunde tano, kazi inapewa kampuni nyingine. Mafundi wake tisa wanarudi nyumbani, na kazi ya hospitali kuu, ambayo wenye hospitali wamesema wataitoa kwa atakayefaulu sokoni, inamponyoka pia. Majaribio hayo hayarudiwi.

Saa tatu kamili meneja wa soko aliingia chumbani akiwa na wajumbe wa kamati. Nyuma yao alikuja mtu ambaye wote walimpisha: mama mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, anayejulikana kama Mwenyekiti wa Vitunguu. Ameuza vitunguu katika banda la nane kwa miaka ishirini na saba. Mwaka jana, wakati wa kamera za zamani, aliibiwa magunia kumi na moja mchana kweupe. Alipoomba kuona picha aliambiwa kamera zilikuwa zimezimika.

"Kwa hiyo hizi zako nazo zinasinzia?" alimwuliza Bi Mbilimbili kabla ya salamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Hazisinzii, mama. Na nisiaminiwe kwa maneno." Akampa mkasi, mpini ukielekea kwa mwenyekiti. "Wewe ndiye utakayekata."

Mama yule aliutazama mkasi, akamtazama fundi, kisha akawageukia wajumbe. "Huyu ama ana akili sana, ama hana kabisa."

Jaribio la kwanza lilikuwa la umeme. Meneja alizima njia moja ya umeme katika banda la tatu. Picha hazikutikisika. La pili lilikuwa zito zaidi: walizima chumba kizima cha kurekodi cha kusini. Taa zikafa, feni zikanyamaza. Kwenye skrini za chumba cha kaskazini kamera zote 486 ziliendelea kuonyesha soko kana kwamba hakuna kilichotokea. Mjumbe mmoja alipiga makofi, akaona yuko peke yake, akajifanya anafukuza nzi.

Likabaki la tatu, la waya. Bi Mbilimbili alikunjua mchoro. Njia moja ya faiba ilichorwa kwa wino mwekundu, nyingine kwa bluu. "Chagua popote, mama."

Mwenyekiti wa Vitunguu hakuugusa mchoro. "Karatasi ni yako. Mimi nitamwuliza anayekaa chini huko."

Akatuma aitwe mzibuaji wa mifereji, mzee mwembamba ambaye soko zima humwita Mzee Mfereji. Amefanya kazi hiyo kwa miaka thelathini, na hakuna mfuniko wa bomba asioufahamu. Alikuja suruali ikiwa imekunjwa hadi magotini.

"Mzee wangu," mwenyekiti alimwambia, "ungekuwa mwizi na unataka banda langu lisionekane, ungekata wapi?"

Mzee hakufikiri sana. "Lango la kaskazini. Kuna bomba linapita chini ya barabara ya malori. Nyaya zote mbili zimo mle."

Wajumbe waliinamia mchoro.

"Siyo zote mbili," alisema Bi Mbilimbili taratibu. "Ule mwekundu ndio unapita langoni. Wa bluu unapita mtaro wa mashariki."

"Mama fundi, mimi sijui rangi za karatasi," mzee alijibu kwa upole. "Jumamosi niliingiza mkono kutoa matope. Niligusa nyaya mbili. Zimelala pamoja kama mapacha."

Mabanda mawili, la saba na la nane, yako ng'ambo ya barabara ya malori. Yana kamera 118. Kama faiba zote mbili zimo katika bomba moja, duara halipo tena. Jembe moja linatosha kuyapofusha mabanda yote mawili.

Bi Mbilimbili alimgeukia kiongozi wa kikosi cha kuvuta nyaya. Huyo ni mdogo wake wa kuzaliwa, mwanaume wa miaka thelathini na sita, mrefu, anayeitwa Kamba. Kamba alikuwa anatazama dari.

"Kamba."

"Naam, dada."

"Usinitazamie dari. Waya wa bluu uko wapi?"

"Dada, wiki mbili zilizopita wajenzi walikuja kumwaga zege kwenye mtaro wa mashariki. Wakasema toa waya wako la sivyo tunaufukia. Nikauhamishia langoni kwa muda. Nilisema nitarudi."

"Ulisema kwa nani?"

"Nilisema moyoni."

Wajumbe wawili walicheka. Bi Mbilimbili hakucheka. Alikuwa na mlango wa kutokea. Mkataba ulisema utakatwa waya mmoja, na katika bomba lile angeweza kumwambia mama akate ule mwekundu tu. Ule wa bluu ungebeba picha, jaribio lingefaulu, na hati ingetiwa saini kabla ya saa sita. Kamba alijua hivyo. Alimnong'oneza, "Dada, ni waya mmoja tu. Mkataba unasema mmoja."

Alimjibu kwa sauti, ili wote wasikie.

"Mwizi hasomi mkataba." Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Mama, mzee amesema kweli. Mkikata pale sasa hivi, banda lako linazimika. Nilichora vizuri, na nikaitembea njia yote kwa miguu kabla ya wajenzi kuja. Baada ya hapo sikuitembea tena. Mimi, watu wananiita Bi Mbilimbili, na nilitembea mara moja."

Meneja alifungua faili lake akaanza kutafuta kifungu. Mwenyekiti wa Vitunguu akaushika mkono wake.

"Acha karatasi kwanza, mwanangu. Miaka ishirini na saba niko hapa. Umewahi kumsikia fundi anasema amekosea?"

"Hapana, mama."

"Basi ngoja nimsikilize huyu, ni kama kuona theluji." Akamgeukia fundi. "Unahitaji muda gani?"

Bi Mbilimbili alihesabu kwa macho. "Mpaka saa kumi."

"Saa kumi siyo saa kumi na dakika moja. Mkasi nabaki nao."

Njia mpya ilikuwa hewani. Juu ya barabara ya malori kuna daraja la chuma la waenda kwa miguu, lenye mfereji wa bati ubavuni uliowahi kubeba nyaya za taa. Ulikuwa mtupu. Kutoka kabati la banda la sita, kupanda daraja, hadi kabati la banda la nane ni mita mia mbili na kumi. Roli la faiba lilikuwa stoo, upande wa pili wa soko, na lina uzito wa watu wawili wazima.

Hapo ndipo soko lilipoingia kazini. Kiongozi wa wachukuzi, mtu mwenye mabega kama kabati, alimwuliza Kamba wana shida gani. Alipoelezwa, alipiga mluzi mmoja. Wachukuzi sita walitokea kati ya mikokoteni.

"Hili ndilo mnalolilia?" aliuliza alipoliona roli. "Mimi asubuhi nimebeba friji na mwenyewe akiwa juu yake."

"Bwana, lakini huu ni kioo," Kamba alionya walipolifikisha darajani. "Ukiupinda kama kamba ya mbuzi, unavunjika ndani."

"Anayevunja vitu leo ni wewe, sisi tunabeba tu."

Daraja zima likaangua kicheko, na Kamba mwenyewe akacheka, huku akipanda ngazi na ncha ya waya begani.

Kazi iligawanyika yenyewe. Wachukuzi walilizungusha roli chini. Mafundi wanne waliupokea waya juu na kuulaza katika mfereji wa bati. Mzee Mfereji, ambaye hakuna aliyemwomba, alitembea mbele akifungua vifuniko na kutoa viota vya ndege vya miaka mingi. Watu waliovuka daraja waliambiwa wapite upande mmoja, na walipita wakitoa ushauri. Mama mmoja wa banda la saba aliuliza kama waya huo unaweza pia kumletea tamthilia.

Bi Mbilimbili alikaa chini kwenye zege, mbele ya kabati la banda la nane, na mashine ndogo ya kuunganishia nyuzi mapajani. Uzi wa kioo ni mwembamba kama unywele. Lazima uchunwe, ufutwe, ukatwe wima kabisa, kisha mashine iunganishe ncha mbili kwa cheche ya umeme. Nyuzi zilikuwa kumi na mbili. Muungano wa saba ulikuwa mbaya, akaukata akarudia. Wa tisa pia. Jasho lilimtiririka hadi puani, na fundi mwenzake akawa anamfuta kwa kitambaa kama anavyofutwa daktari wa upasuaji.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tisa na robo."

"Usiniambie tena."

Saa tisa na dakika arobaini taa ndogo ya kijani iliwaka kwenye kabati la banda la nane, ikafuata nyingine katika banda la sita. Duara lilikuwa limefunga.

Meneja aliagiza skrini iwekwe juu ya meza pale langoni, kila mtu aone. Ilionyesha kamera moja tu: ile ya mbele ya genge la Mwenyekiti wa Vitunguu. Majirani zake wa biashara, wanawake watano, walikuwa wameambiwa wasimame mbele ya kamera. Kusimama kuliwashinda. Mmoja aligonga sufuria, na wote watano wakaanza kucheza, mikono juu, kati ya magunia.

Mzee Mfereji aliinua mfuniko. Nyaya mbili zilikuwa zimelala mle ndani, pamoja, zikiwa na matope. Mwenyekiti wa Vitunguu alivaa miwani yake na kuinama.

"Nikate upi?"

"Zote, mama," alisema Bi Mbilimbili. "Zote zilizomo humo."

"Una uhakika?"

"Kata, mama, kabla sijaogopa."

Ulisikika mlio mmoja mkavu. Kisha wa pili.

Kwenye skrini, mwanamke wa katikati alikuwa ameinua mguu wa kulia. Mguu ulishuka. Ukainuka wa kushoto. Sufuria haikuonekana kukosa pigo. Watu waliendelea kuitazama skrini, wakisubiri kifo cha picha, sekunde tano, kumi, ishirini. Wanawake watano waliendelea kucheza, bila kujua kwamba jaribio lilikuwa limeshapita.

"Zimekatwa kweli?" meneja aliuliza.

Mwenyekiti wa Vitunguu aliinua juu ncha mbili za nyaya zenye matope, moja kila mkono, kama mtu aliyekamata nyoka. Lango lote likalipuka kwa vigelegele. Wachukuzi walimbeba Kamba juu, wakamshusha haraka, wakasema ni mzito kuliko friji. Bi Mbilimbili alipenya katikati ya watu. Akamkumbatia Mzee Mfereji, matope na yote.

"Mama fundi," mzee alisema, akijitahidi kupumua, "mimi nilisema tu nilichokishika."

Umati ulipopungua, mwandishi wa makala haya alimwuliza anatamani nini baada ya hapa. Alijibu akiwa ameketi kwenye ngazi ya daraja.

Anataka kuandika kitabu kidogo cha makosa, kwa Kiswahili, kwa ajili ya mafundi wanaotoka chuoni. Hakitakuwa na sura ya mafanikio. Kila ukurasa utakuwa na kosa moja, lilifanywaje na liligunduliwaje. Tayari ana kurasa thelathini na nne. La leo litakuwa la thelathini na tano, na ameamua kuliandika kwa jina lake, si la mdogo wake.

"Chuoni walitufundisha mitambo inavyofanya kazi," alisema. "Hakuna aliyetufundisha inavyokufa. Mtu akijua vifo ishirini vya mtandao, atabuni unaoishi."

Saa kumi na nusu watu walitawanyika. Meneja alitia saini nakala tatu za hati ya kupokea kazi na kugonga muhuri. Mzee Mfereji alifunika bomba, akanawa miguu, akapanda baiskeli yake. Wachukuzi walirudi kupakua lori la viazi lililokuwa likiwasubiri. Mwenyekiti wa Vitunguu aliuza gunia moja kabla ya kufunga. Kamba alikwenda stoo kutafuta vibandiko vya kuwekea alama waya mpya. Bi Mbilimbili aliwakusanya mafundi wake wote tisa, akawapa anwani ya hospitali kuu, na kuwaambia wafike Jumatatu, saa moja asubuhi.